Kazi ya Jumapili ya Tuulikki

Saa tatu kasorobo asubuhi mjini Oulu, Finland, Tuulikki Hakkarainen anasimama mbele ya kabati la seva, ametega sikio. Hasikii kitu ila feni.

"Zamani ningekwambia mashine inaumwa wapi kwa kusikiliza tu," anasema. "Hii mpya imenyamaza tu. Sijui imefurahi, sijui imekasirika."

Tuulikki, mwenye umri wa miaka 59, ni mtunza kanzidata wa ushirika wa maziwa. Kila lita inayotoka katika mashamba 870 huandikwa humo. Kesho, Ijumaa, anatakiwa ampe meneja wake, Outi Kemppainen, ukurasa mmoja wenye jibu la swali moja: tangu tupate mashine mpya, kazi yako ni ipi? Jibu hilo ndilo litakaloamua kama nafasi yake itabaki. Ukurasa bado ni mweupe.

Nimeishi mji huu miaka kumi na minne, na huyu ni Mfini wa kwanza kuniambia waziwazi kwamba amechanganyikiwa.

Kwa miaka 26 alipigana na diski zinazozunguka. Data ikitawanyika, sindano ya diski ilikimbia huku na huko kuitafuta, na madereva wa malori ya maziwa wakasubiri. Kwa hiyo aliandika programu ya kuipanga data yote upya kila Jumapili, ikimaliza ianze tena, mpaka siku iishe. Kwa mashine ya zamani, raundi moja tu ilikula siku nzima.

Ripoti moja ya mwezi ilichukua dakika 41. Aliibembeleza wiki tatu ikashuka hadi tisa, akaletewa keki.

Mashine mpya imeimeza kanzidata yote katika kumbukumbu yake. Ripoti ile ile hutoka kwa sekunde mbili. "Nikajaribu ile mbovu ya dakika 41 niliyoanza nayo," anasema. "Sekunde mbili na nusu! Sasa zile wiki tatu nilikuwa nafanya nini?"

Kisha mwezi uliopita taarifa ikaonyesha kwamba diski za mashine hiyo, ambazo hazina kinachozunguka bali huchakaa kadiri zinavyoandikwa, zimekwisha kwa asilimia 38 ndani ya miezi minane. Zilitarajiwa kudumu miaka saba. Tuulikki mwenyewe akaongoza msako wa chanzo wiki nzima.

Kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Programu yake ya Jumapili, aliyoihamisha kama ilivyo, ilikuwa inamaliza raundi kwa robo saa na kuanza tena. Raundi 96 kila Jumapili, na zote bure, kwa sababu diski hizi hazijali data imekaa wapi.

Aliwaambia wenzake wakati wa kahawa, mkate wa iliki mkononi. Aliona aibu, na hafichi.

"Yaani mwizi ndiye aliyetushikia tochi!" alisema Jarno, mwenzake wa meza ya pili.

"Cheka tu."

"Nacheka kidogo. Si ungeniuliza, mama?"

"Na wewe ungejua?"

Jarno alikoroga kahawa ambayo haina sukari. "Nisingejua. Hata kwamba kuna kazi ya Jumapili sikujua."

Neno hilo halikumtoka Tuulikki kichwani.

Ijumaa saa nne, Outi anausoma ukurasa akiwa amesimama. Una sentensi moja: *Nimeandika kazi 212 zinazojiendesha zenyewe, kwa ajili ya diski ambazo hazipo tena, na hakuna mwingine anayejua kazi hizo ziko wapi.*

"Kwa hiyo unaomba nafasi ili ubomoe kazi yako mwenyewe?"

"Ndiyo. Moja moja. Nyingine huenda bado zinahitajika, sijui. Lazima nizisome."

"Ukimaliza?"

"Hapo ndipo sielewi, Outi. Labda nitajifunza hii mashine inataka nini. Labda haitaki kitu."

Outi anaukunja ukurasa. "Una mpaka Juni. Halafu tutazungumza tena."

Tuulikki anarudi mezani na kufungua orodha. Anataka, anasema, kuzizima kwa mkono wake kabla hajastaafu, zisije zikamuumiza mtu asiyezijua. Kazi ya kwanza ina miaka 26.

"Hii niliiandika nikiwa na mimba ya binti yangu, Saara," anasema.

Anaitazama muda mrefu, kidole juu ya kitufe. Kisha anaiacha, na kuanza na ya pili.