Bwana Kizibo

Kaka yangu alikuwa mwepesi wa hasira, na mimi ni damu yake, kwa hiyo mnivumilie. Alikuwa fundi bomba, na kilichomtoa povu kuliko vyote ni mdomo wa bomba ulioachwa wazi. Ukienda kula bila kuuziba kwa kizibo chake cha plastiki, utamsikia: "Hiyo ni nyumba ya panya? Ziba!" Na ole wako uzibe kwa kitambaa. "Kitambaa kinasahaulika humo ndani! Kizibo kinakutazama usoni!" Ndiyo maana kila jengo tulilofanyia kazi walimwita Bwana Kizibo, na mwenyewe akaitika.

Tulikuwa watatu: yeye, mkewe, ambaye ni wifi yangu na fundi kamili kama yeye, na mimi ninayeyavalisha mabomba koti la sponji ili yasitoe jasho. Kazi yetu ya mwisho pamoja ilikuwa bweni la wanafunzi wa uuguzi. Mji una baridi ya kugonganisha meno, na chuo kilinunua mashine za kupasha vyumba zinazochota joto kwenye maji. Maji yanavutwa kisimani, yanazunguka jengo zima kwa mabomba mawili, moja la kupeleka na jingine la kurudisha, na kila chumba kina mashine yake inayofyonza joto lililomo, hata kama wewe ukiyagusa unayaona ya baridi. Yasipofika ya kutosha, mashine inajizima yenyewe.

Kabla hatujamaliza, kaka akaanguka. Mchana alisema ni uchovu tu, jioni yuko hospitali, na hakurudi. Tulipokabidhiwa nguo zake, wifi akakuta shati lake jipya la mistari ya buluu limechanwa pindo la nyuma, na katika kilio chote kile akapata nafasi ya kuligombeza: "Shati sijalifua hata mara mbili, ameshalichana!" Tulicheka huku tunalia. Msiba ulipokwisha alirudi juu ya ngazi, akaanzia pale mumewe alipoishia, akamaliza kazi.

Sasa sikilizeni. Mashine zikawashwa, jengo zima likapata joto, isipokuwa korido moja ya ghorofa ya juu. Vyumba vyote vya korido ile, mashine inaguna kidogo, inajizima. Msimamizi wa chuo akatuita. Akasimama katikati ya korido, skafu shingoni, na mbele ya wanafunzi akasema, "Marehemu alilipua kazi. Nitaleta watu wengine wang'oe yote, waanze upya."

Alilipua! Mtu aliyekuwa akifokea hata kipande cha bomba kisichozidi kiganja! Nilichemka mpaka masikio yakawaka moto.

"Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni," nikamwambia. "Yeye hawezi kukujibu, lakini sisi tupo."

Wifi akaiburuta ngazi mpaka kwenye tundu la dari. Alipanda ngazi, akaingiza kichwa darini, akaanza kuchana sponji yangu kwa wembe.

"Wifi, unaharibu kazi yangu!"

"Hebu nyamaza. Nataka kujua maji yanaishia wapi."

Alishika bomba lililovuliwa sponji, akasogea, akashika tena. Upande mmoja wa kiungo bomba lilikuwa likitetemeka kwa maji yanayopita. Upande wa pili lilitulia tuli. Kilichokwama kilikuwa hapo hapo.

"Ni wale wafunga dari," nikasema kwa sauti, ili msimamizi asikie. "Wamedondosha kifusi humo!" Nilikuwa nimeshawaandalia matusi yao, na niliomba kwa moyo wote kiwe kifusi kweli.

Wifi alifunga maji ya korido ile, akayamwaga yote kwenye ndoo, kisha akapanda tena na msumeno. Alipokata, akaingiza vidole ndani ya bomba, akavuta. Kilichotoka ni kitambaa. Kimeloa, kimejikunja, cha mistari ya buluu.

Nilikijua. Nikapanda vidato viwili, nikamnong'oneza, "Tia mfukoni. Sema ni kifusi."

Hakunisikia. Alikuwa akikigeuzageuza mkononi, na mara akaanza kukifokea kama mtu aliyesimama mbele yake.

"Mwanamume wewe! Uchovu, uchovu, kumbe hata ngazi ilikushinda kushuka! Ukachana shati! Na mimi niko hapa chini, boksi la vizibo liko miguuni pangu! Ungesema neno moja tu! Ningekurushia, si ningekurushia?"

Msimamizi akauliza kuna nini.

"Kitambaa ni cha mume wangu," wifi akajibu kutoka juu. "Alikitia siku aliyoanguka. Aliyeunga bila kuchungulia ni mimi, maana kazi yake sijawahi kuikagua tangu anioe. Kwingine kote kuko sawa. Ukitaka kung'oa, haya, ng'oa."

Nilimchukia. Nasema kweli, dakika ile nilimchukia wifi yangu. Jina la kaka yangu, lililokuwa limebaki kwetu sisi wawili tu, amelimwaga mbele ya watu kama maji ya ndoo! Msimamizi alikitazama kile kitambaa. "Malizieni," akasema, akaenda zake.

Nikageuka kumpa wifi maneno yake. Nikamwona juu ya ngazi, mkono mmoja umeng'ang'ania dari, na mwingine umekishika kitambaa kifuani. Juu ya kichwa chake mdomo wa bomba ulikuwa wazi.

"Wifi," akasema, "siwezi kushuka. Nirushie kizibo."

Nikamrushia.