Kaka Aliposema Ndoano Bado Iko Mbali

Sikugundua kwamba kaka yangu hakuwahi kukifungua kile kitabu cha maelekezo ya winchi hata mara moja.

Alinikabidhi kikiwa bado ndani ya nailoni yake, akaniomba nimsomee, nami nikafurahi. Laiti ningejiuliza kwa nini, mkono wake usingefika pale ulipofika.

Naomba nisimulie kwa utaratibu.

Mimi ni mhadhiri wa hisabati. Kaka ni fundi umeme wa magari, na gereji yake anaiendesha pamoja na fundi wa bodi ambaye kila mtu humwita Bati. Walikuwa na pikapu waliyotaka kuifungia winchi mbele, ili waweze kuvuta magari yaliyokwama.

Nilikuwa likizo alipopiga simu.

"Mwalimu, njoo unipigie hesabu."

"Wewe ndiye unayetaka hesabu yangu?"

"Miaka yote unapiga hesabu ubaoni halafu unafuta. Hii njoo upige ibaki."

Nilicheka njia nzima.

Tatizo lenyewe lilikuwa la waya. Winchi ikivuta mzigo mzito hunywa umeme kwa pupa, na waya ukiwa mwembamba, umeme huo huishia njiani ukawa joto. Tena betri ya pikapu yao ilikuwa imehamishiwa nyuma ya kiti. Waya mmoja ulipaswa kwenda hadi kwenye bampa la mbele, na mwingine kurudi. Wengi hupima safari ya kwenda, wakaisahau ya kurudi.

Nikapima zote mbili. Nikasoma jedwali la winchi, nikapiga hesabu mara ya pili kwa usalama.

"Shaba ya milimita hamsini za mraba," nikamwambia. "Usikubali pungufu. Na uweke swichi kuu ya kukata umeme, karibu na dereva."

"Hamsini," akarudia, kama mtoto anayekariri.

"Ngoja nikuandikie."

Akaisukuma karatasi. "Kichwa hiki si cha kufugia nywele tu, Mwalimu."

Kesho yake alikwenda dukani peke yake. Bati alikuwa amelala nyumbani, jino limemvimbisha shavu.

Niliporudi gereji, waya ulikuwa umeshafungwa. Ulikuwa mweusi, mnene, umebanwa vizuri toka nyuma hadi mbele, na kila ulipopita kwenye tundu la bati kaka alikuwa ameuvalisha mpira usikwaruzwe. Kwenye waya wa chanya alikuwa ameviringisha tepu, ikatokeza mafundo matatu ya kushikika.

Nikadhani ni unadhifu wake.

"Swichi kuu iko wapi?"

"Itakuja. Kwanza tuwashe winchi, tuone kama mtoto analia."

Bati naye alikuwa amefika, shavu bado limejaa. Akafunga ndoano ya winchi kwenye minibasi kuukuu iliyokuwa imezama magurudumu udongoni nyuma ya gereji. Mimi nikapewa rimoti. Kaka akavaa glavu, akasimama mbele ya bampa, mkono wake juu ya kamba ya chuma, akiiongoza ijipange kwenye ngoma ya winchi.

"Vuta!"

Nikabonyeza.

Minibasi ikaguna, ikatikisika, ikaanza kutoka. Bati akapiga makofi. Lakini sauti ya winchi ilikuwa inashuka, inakuwa nzito kama ya mtu anayepandisha ngazi na gunia. Kisha nikasikia harufu ya plastiki inayoungua.

"Kaka, tusimame?"

"Bado iko mbali. Vuta."

Nikatazama. Ndoano ilikuwa imebakiza kama urefu wa mkono wangu kuzifikia glavu zake. Minibasi yenyewe ilikuwa inamjia kifuani.

"Kaka, acha utani!"

"Vuta, Mwalimu. Woga huo mwachie mwanafunzi wako."

Nikaachia kitufe.

Winchi haikusimama.

Nikabonyeza cha kurudisha. Wapi! Ngoma iliendelea kuzunguka ileile njia, polepole, bila kumsikiliza mtu.

"Toa mkono! Kaka, toa mkono!"

Akauchomoa. Glavu ikabaki. Niliiona ikiingia chini ya kamba, vidole kwanza, ikalaliwa na chuma ikawa bapa.

Bati alikuwa ameshachupa ndani ya pikapu na spana. Mimi nikatupa rimoti, nikamkamata kaka ovaroli mgongoni, nikamvuta kwa nguvu ambazo sikujua ninazo. Ajabu ni kwamba alikuwa anajaribu kukimbilia upande uleule minibasi ilikokuwa inaelekea.

Tulianguka wote wawili. Ndoano ikagonga bampa, chuma kikakunjamana. Kisha kimya. Bati alikuwa ameing'oa terminali ya betri.

Moshi ulitoka chini ya kiti, mwembamba na mchungu.

Sababu niliielewa mara moja. Umeme ulifika mbele ukiwa umechoka, relei, ile swichi ya kuwasha na kuzima winchi, ikakosa nguvu ya kushika sawasawa, ikawa inagonga na kuachia hadi vidole vyake vya ndani vikaungana kwa joto. Baada ya hapo kitufe changu kilikuwa pambo.

Nilichukua kisu nikaukata ule waya. Ganda lilikuwa nene kama la muhogo. Shaba ndani yake ilikuwa kidogo.

Na juu ya ganda, kwa maandishi meupe: ishirini na tano.

Hasira ikanipanda. Niliamini kaka ameidharau hesabu yangu, amechukua alichotaka, kisha akataka kunionyesha kwamba fundi ni yeye.

"Namba hii hapa! Hata kusoma umeona taabu?"

Akaupokea waya. Hakuutazama. Akaupitishia kidole gumba, taratibu, huku na huku.

"Mbona ni mnene," akasema.

Nikamsogelea.

"Kaka. Hapo pameandikwa nini?"

"Unanipa mtihani?"

"Nisomee."

Akauinua karibu na uso, akaugeuza kidogo pembeni. "Hamsini," akasema. "Si ndivyo ulivyotaka?"

Bati akainamisha kichwa.

"Dada," akasema, shavu likimfanya atafune maneno, "huwa mimi ndiye ninayemsomea. Juzi nilikuwa na jino."

"Tangu lini?"

"Muda. Zile tepu ni za kushika. Fundo ni chanya, laini ni hasi. Kuendesha aliacha siku alipogonga geti akasingizia breki."

"Na wewe ukanyamaza?"

"Aliniapisha. Alisema ukijua, utamfungia gereji."

Nikamgeukia kaka. Alikuwa ameketi kwenye tairi, mkono usio na glavu juu ya goti, akiufungua na kuufunga.

"Nikisema sioni, nani ataniletea gari lake?" akauliza. "Niambie wewe uliyesoma."

Nikaketi karibu naye, nikaushika ule mkono, nikahesabu vidole kwa kuvigusa. Vyote vilikuwepo.

"Nikadhani ukija wewe utanisomea kitabu, basi mambo yatapita," akasema. "Duka ndilo sikulipangia; pale niliupima waya kwa kidole."

Tulikwenda kwa daktari wa macho. Ni presha ya macho. Kilichopotea hakirudi, kilichobaki kinaweza kulindwa kwa dawa ya matone, akiwa mwaminifu nayo. Kaka alisikiliza yote, kisha akauliza kama dawa hiyo inawasha. Daktari akasema kidogo. Kaka akasema kidogo anaiweza.

Ninyi mnaosoma haya, nawaomba jambo moja. Mtu wenu asiyewahi kuomba msaada akianza ghafla kuwaomba mumsomee vitu, msikimbilie kufurahi kwamba anawaheshimu. Mimi nilifurahi, na furaha hiyo ilinizuia kumtazama usoni.

Wateja hawakukimbia wote. Wawili walihamia gereji nyingine. Waliobaki bado humletea injini azisikilize.

Winchi imefungwa upya kwa waya wa milimita hamsini, na swichi kuu iko karibu na dereva. Bati ndiye anayenunua waya na ndiye anayesimama karibu na ngoma. Kaka anakaa kando, anasikiliza mlio wa mota, na akisema basi, wote wanasimama.