Siku Niliyofungiwa na Mabirika

Huku kwetu Busia hakuna kitu kinachoitwa takataka. Kuna bidhaa ambayo bado haijavuka mpaka. Ukitupa kiatu kimoja asubuhi, kufikia saa nane kimeshapata mwenzake upande wa Uganda na vinarudi pamoja, vimepakwa rangi. Nililijua hilo tangu utotoni, na bado nikafanya kosa ambalo hata mbuzi wa sokoni asingelifanya.

Nilikuwa mtunza stoo katika duka la vifaa vya stima. Nilikuwa nimemaliza shule ya jioni, ile ya watu wazima, katika umri ambao wenzangu walikuwa wakioza mabinti, na cheti changu nilikitundika ukutani juu kuliko kalenda. Sokoni waliniita Profesa. Nusu yao walikuwa wakinicheka, na nusu iliyobaki pia walikuwa wakinicheka, lakini niliitika.

Basi tukaletewa mzigo wa mabirika ya stima, ya bati linalong'aa hata unaweza kunyolea ndevu ukijitazama. Kasoro yake ilikuwa moja tu: ukilichomeka na kulishika, linakupiga shoti. La kwanza lilimpiga mteja pale pale kaunta. Nikisimulia huwa nasema lilimrusha hadi Kisumu; ukweli ni kwamba alitua kwenye katoni za balbu. Mdosi wetu mwenye duka, mama mmoja mwenye sauti ndogo na macho makubwa, akaamuru yote yaharibiwe, na mimi niandike barua ya kuthibitisha, nitie sahihi.

Nikatumia elimu. Shule ya jioni ilinifundisha kwamba stima bila waya haina pa kupitia. Nikachukua koleo, nikakata waya za mabirika yote, nikayapeleka jaani. Moja nikampa mama wa uji anayeuza nyuma ya stoo, awekee maji ya kunywa tu. Kisha nikatia sahihi kwamba yote yameharibiwa, tena sahihi yenye mkia mrefu.

Nilisahau kwamba soko letu lina mafundi wengi kuliko kunguru. Siku ya nne mdosi aliyakuta yamepangwa kwenye turubai karibu na geti la mpaka, kila moja na waya mpya, muuzaji akiyasifu kwamba yametoka ng'ambo. Akayakomboa yote. Tulipoyahesabu, moja halikuwepo. Nikasema labda kiwandani walikosea kupakia. Uongo huo ulinitoka laini kama mlenda.

"Utayaponda moja moja, ndani ya stoo," akaniambia. "Na nitakufungia. Wewe nakuamini, Profesa. Ni mlango siuamini."

Kufuli ikabanwa kwa nje, ufunguo ukaingia mkobani, na mkoba ukaenda Malaba, ambako lori lake lilikuwa limekwama kwenye foleni tangu juzi.

Stoo ile ni mabati juu, mabati kando, na kidirisha kimoja chenye nondo, upana wa kupitisha kikombe. Kufikia saa nne joto lilikuwa limefika kiwango cha kuivisha mihogo. Niliponda mabirika mpaka nyundo yenyewe ikaomba likizo. Huko nje wanunuzi wa vyuma kuukuu walishajipanga kwa mikokoteni, na kila nilipogonga walipiga makofi. Mmoja aliuliza nimefungwa miaka mingapi. Mwingine akataka niponde polepole, kidogo kidogo tu, kwa heshima. Niliwajibu kwa kelele zaidi. Lakini nikinyamaza, nilikuwa nikiutazama ule mlango kama mtu anayetazama mto Nzoia ukipanda.

Saa sita mama wa uji akanipitishia kikombe. Nikanywa nikiwa nimeshika nondo kama mahabusu wa kweli. Akaanza kunipa habari zake. Binti yake wa kule Chakol amejifungua salama, mtoto ana wiki moja. Asubuhi ile amempelekea lile birika nililompa. Fundi amelitia waya, sasa maji ya kumwogesha mtoto yatakuwa yanachemka dakika mbili.

Nikamrudishia kikombe kabla sijakimaliza.

Nikamwambia ampigie binti simu haraka. Simu ameondoka nayo mumewe. Majirani je? Wako shambani. Nikamwambia birika lile linaua, akimbie akalichukue. Akanitazama kwa huruma, kama anayemtazama mtu aliyepandwa na joto kichwani.

"Profesa, si ni wewe ulinipa na mkono yako? Ilikuwa nzuri, leo imekuwa mbaya? Sema tu mdosi amekugombeza."

Nikausukuma mlango kwa bega. Nikaupiga kwa nyundo; bati likabonyea, kufuli hata haikukohoa. Wale wa vyuma wakashangilia wakidhani ni burudani. Nimewahi kuogopa mambo mengi, lakini sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa nikiwa nyuma ya mlango ule, mtu pekee anayejua ukweli, na ambaye hawezi kutoka.

Hapo nikakumbuka testa mfukoni, ile bisibisi yenye taa ya kupimia stima. Nikachukua birika ambalo sijaliponda, bado lina ule waya mpya wa fundi, nikalichomeka kwenye soketi ya ukutani bila kuligusa, nikamwita mama achungulie. Nikagusisha testa kwenye tumbo la birika. Ile taa ndogo ikawaka.

"Hiyo taa ni stima, na iko kwa bati la nje," nikamwambia. "Mwenye atashika hiyo bati ni binti yako. Nilikosea, mama. Nilijua, na bado nikakupa."

Niliona tu leso yake ikikata kona, kisha nikasikia bodaboda ikingurumishwa.

Kutoka hapo mpaka jioni nilizeeka miaka arobaini. Sikuponda kitu. Wa vyuma walichoka wakaondoka. Mdosi alipofungua, jua likiwa limeinama, alinikuta nimekaa juu ya katoni, birika zima mbele yangu, na kabla hajauliza nikamwambia yote: lile moja, uongo wangu, Chakol, mtoto. Alikaa chini kando yangu na mkoba wake. Tukangoja wawili, mlango wazi, na mimi bado nikiwa sijatoka.

Mama wa uji akaja, vumbi mpaka kwenye kope. Akaweka birika sakafuni. Alisema binti alikuwa ameshachemsha maji mara moja, akiwa amevaa slipa za plastiki. Aliposhika lile birika akahisi vidole vinatafunwa na siafu, akadhani ni uchovu wa uzazi. Mama alimkuta anataka kurudia, ametoka kuoga, miguu mitupu.

Akaomba nyundo. Alilipiga lile birika kwa nguvu ambazo sijaziona hata kwa wachimba mawe, kisha akaokota mfuniko, akaupangusa kwa leso.

"Hii haina stima. Hii niachie nifunikie uji."

Nikamtazama mdosi. Mdosi akainua macho kwenye mabati. Nikanyoosha mkono, nikauchukua ule mfuniko, nikauponda ukawa kama chapati.

Barua niliiandika upya jioni hiyo hiyo, na safari hii sahihi haikuwa na mkia. Mama wa uji aliendelea kunipitishia kikombe kila saa sita, kama kawaida, ila kwa mwezi mzima uji haukuwa na sukari.