Tangi la Choo Huko Fukayosi

Gari nililoazimwa kwa utafiti wangu wa uzamili lilikuwa na kitanda, jiko na choo kidogo chenye tangi la kubebeka. Nilipofika Fukayosi tangi lilikuwa limejaa, nami nilihofia lingemwagika ndani. Mahali rasmi pa kulimwagia hapakuwapo.

Nilimwamkia mama mmoja aliyekuwa akimenya mihogo uani kwake. Baada ya kuulizana hali, nikamweleza shida yangu kwa kuzungukazunguka. Alicheka.

"Mwanangu, sema choo tu! Kamwage kwetu, kile pale."

Nilikitazama. Hatua chache chini yake, mteremkoni, kulikuwa na kisima, na ndani ya tangi mlikuwa na dawa kali ya kuulia harufu.

"Lina dawa, mama. Naogopa maji yenu."

Kicheko kilikatika. "Au choo chetu hakikufai?"

Nilieleza tena, kwa urefu, nikazidi kuharibu. Nililipeleka tangi hadi Msata, ambako mwenye nyumba ya wageni aliniruhusu kulimwaga katika shimo lake lililojengewa zege. Njia nzima ya kurudi niliiunda upya kichwani sentensi ile ya maji. Nilipopita Fukayosi nilimpungia mkono yule mama. Aliendelea kumenya mihogo.