Mzigo Mzima Mbovu Upande wa Kushoto

Nilitoka Masasi asubuhi ile kwa sababu ya kimya. Nilikuwa nimekaa kizingitini kwa dada yangu, jua ndiyo kwanza linagusa mlima wa mawe ulio juu ya mji. Nikavaa hedifoni kama kawaida yangu, nikabonyeza wokmani. Sikio la kulia likapata muziki. La kushoto halikupata kitu. Hapakuwa hata na mkwaruzo. Kimya kitupu, kama nyumba iliyohamwa.

Mtu mwingine angezivua akazigeuza, ya kulia akaiweka kushoto, akajua palepale kama ugonjwa uko kwenye waya au kwenye sikio. Hata mimi nililijua hilo. Nilizivua, nikazishika mkononi, nikashindwa kuzirudisha kichwani. Nikazitia mfukoni, nikachukua mkoba wangu wa nguo na kofia yangu, nikamwambia dada naenda kutembea.

"Kutembea wapi?" Alikuwa anapepeta mchele.

"Nitajua hukohuko."

Hakuinua macho. "Wewe hata ukifa, kaburi lako watu watalikuta tupu. Utakuwa umetoka kidogo."

Sikucheka. Nilikuwa nawaza kwamba maneno yake yote yameingia kwa upande wa kulia.

Hofu yangu ilikuwa na sababu. Msimu ule nilikuwa nimefanya kazi Lulindi, kwenye mashamba ya mikorosho, nikibeba mgongoni ile mashine ya kupulizia salfa. Kazi hiyo hufanywa alfajiri, kabla upepo haujaamka, umande ukiwa bado kwenye majani ili unga ushike. Mashine ina injini kama ya pikipiki, nayo inakaa nyuma ya shingo yako. Salfa inachoma macho, kwa hiyo nilijizoesha kugeuza uso kushoto, na sikio la kushoto likabaki linatazamana na injini mti baada ya mti. Jioni nilikuwa nasikia mluzi mwembamba ambao haukutoka popote. Wenzangu walisema utaisha. Msimu ukaisha, mluzi ukabaki.

Na kuna mjomba wangu, kaka yake mama, ambaye alipoteza usikivu kabla hajazeeka. Nilichokiona kwake sikukisahau. Watu hawakumchukia, ila waliacha kumsimulia. Mtu aliyekuwa anakaa barazani akijua habari za kila nyumba alibakiwa na maneno matatu aliyopigiwa kelele: kula, kaa, ondoka. Nikiwa mtoto niliona anavyotutazama midomo tukicheka, naye anacheka kwa kuchelewa kidogo.

Shule niliiacha mapema. Kila nilichokuja kukijua baadaye kilipita masikioni: redio za watu, hadithi za madereva, Kiyao nilichokiokota kwenye vijiwe vya Masasi na Kimakonde nilichokiokota juu ya malori, na muziki wa dansi ambao niliusikiliza mpaka nikaweza kulifuata gitaa moja peke yake katikati ya mengine. Sikio ndilo lililokuwa darasa langu. Likifungwa, nitakuwa mtu mzima mwenye elimu ya mtoto.

Stendi palikuwa na lori limejaa magunia matupu ya korosho. Utingo akauliza, "Newala?" Nikasema Newala. Angeuliza Tunduru, ningesema Tunduru.

Juu ya magunia tulikuwa wawili tu, mimi na mama mmoja wa makamo aliyekuwa anakwenda kumwona binti yake aliyejifungua. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanimegea muhogo wa kuchoma. Nilikaa kushoto kwake makusudi, ili maneno yake yaje upande mzuri. Tukaenda vizuri mpaka barabara ilipoanza kupanda uwanda wa juu. Lori likanguruma, likapunguza mwendo, kona baada ya kona, na hapo katikati ya mlima sikio langu la kulia nalo likaziba.

Mama yule alikuwa anasema kitu. Niliona midomo. Nikaona anacheka, na mimi nikacheka, kwa kuchelewa kidogo.

Nilipojitambua nacheka kicheko cha mjomba, jasho lilinitoka ijapokuwa hewa ya huko juu ilishaanza kuwa baridi. Nilishika gunia kwa mikono yote miwili. Yule mama aliona uso wangu. Akanisogelea, akaonyesha koo lake kwa kidole, akameza. Nikameza. Akaonyesha tena. Nikameza mate niliyokuwa nayo na niliyokuwa sina, mara kitu kikapasuka ndani ya kichwa kama ganda la korosho motoni, na mngurumo wa lori ukarudi.

"Ndiyo mlima huo, mwanangu," sauti yake ikaja. "Unaziba watu masikio. Mara ya kwanza kupanda?"

"Si ya kwanza, mama."

"Sasa mbona umekuwa kama umeona jeneza?"

Upande wa kulia ulikuwa umefunguka. Wa kushoto sikujua, kwa sababu sikuthubutu kuziba wa kulia ili nijue.

Tulishuka Newala mchana, ukungu mwepesi umebaki juu ya mabati. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Utotoni mwangu nilizoea kuona maduka ya huku yana chumvi, na kiberiti siku ya bahati. Sasa vibanda vilijaa redio, saa za rangi, mashati ya mitumba, na betri zilizopangwa kama matofali. Nilimuuliza mtu kwenye kijiwe cha kahawa nani anauza hedifoni. Akanielekeza kwenye kibanda karibu na soko, chenye spika mbili nje na mwanamume mnene kiasi ndani, anachomea waya.

"Kwanza wewe wa wapi?" aliniuliza baada ya salamu.

"Masasi."

"Masasi kuna watu na kuna Wamakua."

"Mimi Mmakua."

Akaweka chini chuma chake cha kuchomea, akanyoosha mikono kwa furaha. "Alhamdulillahi! Mtumwa wangu kajileta mwenyewe! Ningejua ningekupikia panya!"

Alikuwa Mmakonde, nami ni mtani wake. Kwetu hilo halihitaji kujuana. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe, kukuvua kofia akaivaa, kulala ndani ya kaburi la baba yako akadai alipwe ndipo atoke. Kukasirika ni aibu yako. Nilimjibu kwamba panya wake abaki nao, kwa vile bado hajawamaliza wa mashemeji zake. Akacheka mpaka akafuta machozi. Hofu ikanilegea kidogo. Nikamwambia nataka hedifoni za muziki, nzuri, na mfuko wangu ni wa mtu aliyetoka kubeba salfa.

Alinipa kwanza nyekundu mpya, zinang'aa, bado kwenye nailoni. Nilitia kanda yangu kwenye wokmani. Niliijua kanda ile kama njia ya kisimani. Ilirekodiwa kutoka redioni, kwa hiyo pande zote mbili za sauti zilikuwa sawasawa. Kuna mahali, kabla ya kiitikio, gitaa zote zinanyamaza na mwimbaji anavuta pumzi. Hedifoni ikiwa nzuri unaisikia pumzi ile. Ikiwa mbaya, unasikia kiitikio tu kimekuangukia.

Nilizivaa. Kushoto kukatoa sauti! Halafu nikasikiliza vizuri. Sauti ilikuwa ndogo, imekaa mbali, kama harusi ya kijiji cha pili. Nikaongeza. Kulia kukaanza kuniumiza, kushoto kukasogea kidogo tu. Pumzi ilipofika, kulia niliisikia. Kushoto hapana.

"Hizi mbovu," nikasema. "Kushoto hakuna nguvu."

Akanipa nyingine, nyeusi. Nikajaribu. "Hizi nazo kushoto dhaifu."

Akanipa za tatu, za waya mweupe. Nilizibana kwa kiganja, nikainamisha kichwa, nikaongeza sauti mpaka watu wawili waliokuwa wanapita wakageuka. Kulikuwa na gitaa la besi, ngoma ziko mbali, pumzi hakuna. "Hata hizi," nikasema.

Alinitazama. "Mtani, mzigo mzima huu umetoka Dar, mzigo mzima mbovu upande wa kushoto?"

"Inawezekana. Vitu vya siku hizi."

Angekuwa muuzaji mwingine angenyamaza, au angenionea huruma, nami ningeondoka na lile neno la vitu vya siku hizi, nikaenda nalo mpaka Mtwara, mpaka popote. Lakini huyu alikuwa mtani wangu. Aliruka mbele, akaninyakua hedifoni kichwani kama anavyonyakuliwa kofia mtu msibani, na kabla sijainua mkono alikuwa amezigeuza na kunivisha tena, ya kulia kushoto, ya kushoto kulia. Akanishika kichwa kwa viganja vyake vinavyonuka risasi ya kuchomea.

"Tulia, mtumwa! Sasa upande gani dhaifu?"

Sikutaka kusikiliza, ila masikio hayana kope. Kulia kulijaa. Kushoto, harusi ileile, kijiji kilekile cha pili.

"Kushoto," nikasema.

"Basi mbovu ni wewe!" alipiga kelele, na mtu wa kibanda cha jirani akacheka. Kisha akaona uso wangu. Hakuacha utani, kwa kuwa ungekatika pale ningelia, nadhani alilijua hilo. Alishusha sauti tu. "Lete zile zako za zamani."

Nikazitoa mfukoni. Akazipima kwa betri na waya. Upande mmoja ulikwaruza, mwingine ukanyamaza. Waya ulikuwa umekatika ndani, karibu na plagi, pale nilipozoea kuukunja. "Hii maiti kweli," akasema. "Na wewe ni mgonjwa. Siku moja mmekutana. Usichanganye misiba."

Nilikaa kwenye kopo la rangi alilonisogezea. Kwa hiyo sikio halikufa. Lakini lilikuwa limepungua, na sasa kulikuwa na mtu wa pili duniani aliyejua, na kwa hiyo lilikuwa jambo la kweli. Nilimweleza habari za salfa na ile injini. Alisikiliza huku anapekua boksi chini ya meza.

"Ulikuwa unatafuta hedifoni yenye nguvu, siyo? Ipige kushoto mpaka sikio lisikie."

"Ndiyo."

"Utamaliza na la kulia."

Akaibua hedifoni za mitumba, kahawia, nzito, sponji zake zimeoza zinapukutika kama mkate mkavu. Nilizikunjia uso. Akachukua wembe, akausogeza karibu na ile nyekundu mpya. Wembe ukatikisika. Akausogeza kwenye ile kahawia, ukaruka kutoka vidoleni ukaganda. "Sumaku," akasema. "Nyekundu unanunua rangi. Hii unanunua sumaku." Kisha akakata sponji mpya kwenye kipande cha godoro, akazishona kwa uzi wa viatu, nene, zinazofunika sikio zima. "Kelele za nje zikizuiwa, huna haja ya kufungulia sana. Ukisikia mtu wa pembeni yako anausikia wimbo wako, ujue unajichinja. Na kahospitali hapo uende, wakutazame."

Nilizivaa, nikashusha sauti mpaka karibu na mwisho wake. Pumzi ya mwimbaji ilikuja kulia, karibu sana, nikasikia hata ulimi ukibandukana na kinywa, kitu ambacho sikuwahi kukisikia kwenye kanda ile. Kushoto nilingoja. Nilirudisha kanda nyuma, nikangoja tena. Nilisikia kiitikio, kwa mbali, kikiwa kizima. Pumzi haikuja.

Tulivutana bei kwa muda mrefu. Nilibakiza fedha ya kulala na ya chakula, akachukua zilizobaki, maiti ya hedifoni zangu kwa ajili ya vipuri, na kofia yangu, ambayo aliivaa palepale akaniuliza kama amependeza kama Mmakua.

"Umetisha," nikamwambia.

Nyumba ya wageni aliyonielekeza ilikuwa nyuma ya soko, vyumba vichache vimezunguka ua, na pipa chini ya mchirizi wa paa likingoja mvua ambazo hazikuwa karibu. Maji ya Newala hupanda kutoka bondeni kwa taabu, na mama mwenye nyumba alinieleza sheria yake kabla hajanionyesha kitanda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndoo moja ya kuoga, naileta mwenyewe. Nikibisha hodi usipoitika, inakwenda chumba kingine. Sirudi."

"Nimeelewa, mama."

Chumba kilikuwa na kitanda, msumari wa nguo na dirisha la ubao. Nililala juu ya mto kwa sikio la kulia, zuri, nikaliziba makusudi, niusikilize ulimwengu kwa la kushoto. Lile ambalo asubuhi sikuthubutu, sasa nililifanya peke yangu, nikiwa nimefumba macho. Mwanzoni ulikuwepo mluzi tu. Chini ya mluzi kukawa na kitu kama mchi wa kinu. Kilipotea, kikarudi. Niliogopa kupumua.

Nilishtushwa na mtikisiko wa sakafu. Niliinuka. Nje ya mlango kulikuwa na kishindo cha ndoo ikinyanyuliwa tena, na kandambili zinaondoka.

"Karibu!" nikapiga kelele. "Karibu, mama, nipo!"

Zikasimama. Akarudi, akasukuma mlango kwa goti. "Nabisha hodi muda wote huo. Ulikuwa umelala?"

Nilikuwa na jibu jepesi mdomoni. Nilimtazama mtu huyu nisiyemjua, na ndoo yake ya maji yaliyotoka mbali.

"Hapana, mama. Sikio la kushoto halisikii vizuri. Ukija tena, gonga kwa nguvu."

Aliiweka ndoo chini taratibu bila kumwaga tone. Akakitazama kitanda, kisha mlango. "Basi lala kichwa kikiwa huku," akasema, akauchukua mto akauhamishia upande wa pili. "Sikio zima likae mlangoni."

Alipotoka nililala alivyonipanga. Kandambili zake nilizisikia mpaka mwisho wa ua.