Harufu ya Mchikichi Uliokatwa

Siku chache kabla ya Idi nilipogoa michikichi yangu mitatu hapa Bangwe, kando ya ziwa. Nilitaka wageni wakute shamba safi, nikakata hata makuti mabichi, karibu kabisa na kilele. Haikupita wiki wakaja wadudu weusi, pua ndefu kama sindano. Walikuja mchana kweupe, mmoja mmoja, wote kutoka mlimani, wakipita juu ya michikichi ya bibi jirani bila kutua. Wakatua kwangu tu.

Kaka yangu aliwatazama muda mrefu. "Mdudu anaruka chakula cha jirani? Dada, hao wametumwa. Wewe sema neno tu, Ijumaa baada ya swala namtaja yule bibi mbele ya watu."

Sikusema ndiyo. Lakini hapana pia sikusema, na bibi nikaanza kumkwepa hata salamu. Hilo kosa ni langu, si la kaka.

Alhamisi nilimweleza bwana shamba, kijana aliyehamishiwa huku kutoka Mbeya. Akacheka. "Mama, mti ukikatwa, kidonda kinanuka. Hao wananusa kwa vipembe vyao, wanaufuata upepo kule unakotoka." Akaniambia nikate kipande cha kuti bichi, nikitie kwenye ndoo, nifunike kwa gunia, niiweke uani ambako hakuna mchikichi. Upepo wa ziwa ulikuwa unavuma. Mimi sikusikia harufu yoyote.

Alasiri akatua wa kwanza juu ya gunia. Halafu wa pili, wa tatu. Wakatembea polepole, wakipapasa, kama vipofu wanaotafuta mlango. Sababu yake nilishaambiwa, na bado niliogopa. Labda ni mimi tu.

Nikaenda kwa bibi hivyo hivyo, mikono sijanawa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Leo umeniona?"

Nikamweleza yote, la kaka pia, na kwamba sikumzuia. Alikuwa anachambua maharage, hakuinua kichwa. Mdudu akaja, akatua kiganjani mwangu, pale maji ya kuti yalipokaukia. Bibi akamwondoa kwa vidole viwili, akamtazama, akanitazama mimi.

"Na huyu? Nimemtuma mimi?"

Akanisogezea kigoda, kama ndiyo kusamehewa, sijui. Sikukaa. Jua lilikuwa linashuka, na kesho ni Ijumaa. Nikaenda kwa kaka kumwambia hapana.