Betri Juani

Juzi, sokoni Kasulu, niliona kaseti ya nyimbo bora za yule mpiga gitaa wa Kizungu aliyependwa na mama. Nikakumbuka mchana mmoja kwetu Murungu. Gitaa lake lilianza kuburuta kwenye redio kaseti, nguvu zikiisha, baba akazitoa betri na kuzianika kando ya mihogo iliyonuka uchachu.

“Jua litazirudishia nguvu,” alisema.

“Basi na mama tumtoe,” nikamwambia.

Mama alikuwa mgonjwa, hawezi kuinuka. Baba alinitazama, akambeba mama, akamlaza mkekani juani.

“Ee jamani, mnanianika kama muhogo!” mama alicheka, akakohoa.

Jioni gitaa lililia nusu wimbo, likazama. Mama naye hakukawia kututoka.

Siku hizi najua jua huipa betri nusu wimbo tu. Baba alijua hilo mchana ule ule, akataka mama apate walau huo nusu wimbo; ndiyo maana hakubisha.